Maziwa ya Gaju

Nyamitaba, tarehe 4, mwezi wa pili

Mvua imeanza leo, na leo Papa amemleta Gaju nyumbani.

Naandika kwa Kiswahili. Kifaransa ni cha masomo, na mambo haya sitaki mtu ayapitishie kalamu nyekundu. Ku masomo nikiulizwa jibu, nalijua, lakini sauti inakwama hapa chini ya shingo. Bibiche, mwenzangu wa benchi, njo huwa anasema kwa ajili yangu: "Uwitonze anajua, madame, mumungojee tu." Karatasi inaningoja bila kuombwa.

Gaju ni ng'ombe mwekundu kama udongo wa barabara, na ana mimba. Hakuwa wetu. Alikuwa wa Papa Honoré, baba ya Bibiche, mkulima wa mlima wa ng'ambo. Mwaka niliozaliwa, Mama alishikwa na uchungu kwenye mvua kama hii, na daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Papa Honoré na wadogo zake walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, wakavuka mto ukiwafika kifuani, mpaka kituo cha afya. Sisi watu wa ng'ombe, wao watu wa mashamba, hakuna undugu. Papa akawapa mtamba. Gaju ni mjukuu wa mtamba ule.

Kwetu ng'ombe wa namna hiyo si mali. Ni kama ndoa ya nyumba mbili. Akizaa, aliyepewa anapanda kwa aliyempa akiwa na habari na maziwa ya kwanza. Kumchukua tena kunaitwa kunyaga, na neno hilo Mama haruhusu litamkwe ndani ya nyumba.

Leo Papa amenyaga. Juu ya uchaguzi.

Papa, jina lake Semana, ni prezida wa chama cha Familia na Udongo hapa kwetu. Bendera yake ina kibuyu cha maziwa na jembe. Chama kinasema watu wamheshimu Mungu, ndoa, wazee na desturi, na milima isiuzwe kwa watu wa mbali. Mimi pia nakipenda. Mambo yake ni yale ambayo Papa anatufundisha tangu tukiwa wadogo. Sasa tumeshindwa, na si kidogo. Karatasi ya matokeo waliyobandika mlangoni mwa kituo cha kura cha ng'ambo ilikuwa na kura zetu chache mno. Papa aliisoma, akavua kofia ya chama, akaikunja kama barua.

"Banakunywa maziwa yangu miaka yote," alisema leo akimfunga Gaju, "alafu banapigia bengine."

Mama, ambaye humwita Papa kwa jina la kaka yangu, alikuwa anapepeta maharage. "Papa Ntwari, ng'ombe haipigake kura."

Hata sasa, usiku, Gaju anaita akielekea ng'ambo. Na mimi naandika ukweli: nilikuwa upande wa Papa. Niliona wametufanyia vibaya.


Tarehe 5

Mvua. Gaju hali majani.


Tarehe 11

Bibiche amehama benchi. Amekaa na Tuyishime karibu na dirisha, mahali panapovuja. Amechagua kunyeshewa kuliko kukaa nami.

Madame aliuliza mwaka wa uhuru. Nilijua. Hakuna aliyesema waningojee.


Tarehe 17

Papa aliitisha mkutano wa chama baada ya misa. Tulipanga viti vyote vya jirani. Wakaja watatu, na mmoja alikuwa amekuja kuchukua kiti chake.

Mama Emérita, mkubwa wa wamama wa chama, yeye anayetengeneza fromage, jibini ya maziwa yetu, aliangalia nyumba nzima, akasema, "Papa Semana, kama hivi viti vingepiga kura, tungekuwa na député."

Walicheka, kwa kuwa bungeni hatukupata mtu. Papa pia alicheka, lakini nilimwona akishika ukingo wa meza.


Tarehe 25

Kaka Ntwari amepiga simu kutoka Omate, kule Walikale anakochimba dhahabu. Ili apate réseau anapanda juu ya jiwe, kwa hiyo anasema upesi upesi kabla mtu mwingine hajamwambia ashuke.

"Papa, ule muntu yenu nilimuona huku."

"Nani?"

"Maître Habineza. Njo alikuwa candidat yenu, si vile? Iko hapa na ba-acheteurs, bale ba kununua dhahabu. Amevaa kofia ya bale benye balishinda."

Papa akasema mtandao ni mbaya, hasikii. Mtandao ulikuwa mzuri. Mimi mwenyewe, niliyekaa mlangoni, nilisikia hata watu wakikohoa kule Omate.

Mgombea tuliyemchinjia mbuzi. Papa alimtetea mpaka akakosana na shemeji yake.


Tarehe 3, mwezi wa tatu

Mjumbe wa chama amekuja kutoka Goma kwa pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Anaitwa Jean-de-Dieu, bado kijana, na anasema Kifaransa tu kama mtu anayesoma radio. Papa aliniita nitafsiri.

Nilisimama. Sauti ikakwama. Jean-de-Dieu akanitazama, akatazama saa. Mama akaniletea kikombe cha maziwa, nikakishika tu, na joto lake likanipa maneno.

Alisema hivi. Chama hakikufa. Tulishindwa kwa sababu tuliwasikiliza wale wanaopiga makofi tu. Sasa kila mahali kinajengwa upya kutoka chini: nyumba kwa nyumba, kanisa kwa kanisa. Cellule yetu, yaani tawi letu la hapa, ina muda mpaka mwisho wa mvua. Ikiwa haitakuwa na watu wa milima yote miwili, wa kibuyu na wa jembe, itafungwa na kuunganishwa na nyingine.

"Et la colline d'en face?" aliuliza.

Nilitafsiri: na mlima wa ng'ambo? Gaju alikuwa nyuma ya ukuta, tulimsikia akicheua.

"Mwambie tunafanya kazi," alisema Papa.

Nilimwambia mjumbe tunafanya kazi. Ni mara ya kwanza kusema uongo kwa Kifaransa.


Tarehe 10

Papa anazunguka nyumba kwa nyumba, nami nabeba mfuko wenye bendera. Watu wanamheshimu. Wanampa kigoda na kasiksi, pombe ya ndizi, wanauliza habari za ng'ombe. Akitaja chama wanasema, "Tutaona, Papa Semana." Bango kubwa la kampeni tulilikuta kwa mzee Muhire limetandikwa chini kama turubai, maharage yanakauka juu ya uso wa Maître Habineza.

"Ni bâche ya nguvu sana," alisema mzee Muhire. "Chama ilitusaidia."

Tulishuka mpaka mto. Upande ule, katikati ya shamba la mahindi, kulikuwa na kinyago cha kutisha ndege. Kilivaa tricot ya chama, fulana tulizogawa wakati wa kampeni. Papa alisimama akakitazama kitambo, mvua ikimshuka kwenye pua, kisha akageuka. Hakuvuka.


Tarehe 18

Mvua. Samadi ya Gaju nimebeba mimi, Mama mgongo unamuuma.


Tarehe 22

Leo nimekutana na Bibiche kwenye maji. Tulikuwa wawili tu na mabidon yetu. Nilitaka kumsalimia. Nilipanga maneno tangu juu ya njia, na nilipofika chini yalikuwa yameisha.

Yeye njo alianza. "Unaniangalia nini? Unatafuta ingine ya kubeba? Kuku iko ku nyumba, nenda umubebe."

"Bibiche..."

"Papa yangu alipigania chama yenu! Alisimama mbele ya batu ya kwetu, akasema tupige kibuyu na jembe. Batu balikuwa banamuita muchungaji wa Semana. Bakamuambia: weye unanunuliwa na maziwa. Alikaza. Yeye na Mama balipiga kwenu, ule mwenye alikuwa nyuma yabo ku mustari alibachekelea. Kesho yake papa yako anakuja na kamba."

Bidon yangu ilikuwa imejaa, maji yakamwagika miguuni.

"Alisema nini? Papa yako, siku ile?" niliuliza.

"Hakuna. Alifungua mlango ya zizi yeye mwenyewe. Aliuliza tu kama munajua Gaju haipendake kamba ya nailoni. Halafu akaingia ndani, na chakula hakukula."

Akajitwika maji. Nilimsaidia, kwa sababu mikono ilizoea, na yeye akakubali, kwa sababu shingo yake ilizoea.

Kamba ya Gaju ni ya nailoni. Jioni niliona shingo yake imechubuka.


Tarehe 23

Sijamwambia Papa.


Tarehe 24

Sijamwambia. Nimebadilisha kamba. Nimesuka ya migomba.


Tarehe 29

Papa aliuliza nani alibadilisha kamba. Nilisema mimi. Alisema ni kazi nzuri. Ilikuwa nafasi, nami nikaangalia miguu yangu.

Nadhani sijui namna ya kumpenda mtu na kumwambia amekosa. Hakuna somo la vile.


Tarehe 5, mwezi wa ine

Milio ya bunduki juu ya ukingo wa msitu. Masomo yamefungwa. Ng'ombe wote wamelala karibu na nyumba.


Tarehe 9

Bado masomo yamefungwa. Wanasema watu wa bunduki wamepita, hawakubaki. Wamechukua ndama wawili kwa jirani. Papa alilala na Gaju zizini, amejifunika bendera ya chama juu ya koti.


Tarehe 14, siku ya matawi

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Baada ya misa Papa aliitisha mkutano tena, na leo walikuja. Hofu ya juma lile iliwatoa watu nyumbani, kila mtu alitaka kukaa karibu na mwenzake. Viti vilijaa, wengine walikaa juu ya magunia wakiwa na matawi yao mikononi. Papa alifurahi. Alisimama chini ya bendera akasema vizuri kuliko siku zote. Alisema wakubwa wanaweza kwenda na kofia zao, lakini chama si kofia. Chama ni namna tunavyoishi: mtoto anamsalimia mkubwa, mtu anashika neno lake, desturi haivunjwi. Watu waliitikia.

Ndipo Mama Emérita akasimama. Alikuwa na tawi, akawa analichana polepole.

"Papa Semana, mimi niko mwanamuke wa fromage, sijue kusema mingi. Nauliza tu. Chama yetu inasema desturi. Hapa kwetu, ya kwanza kuvunja desturi ni nani?"

"Sema wazi, Mama Emérita."

"Iko wazi. Inalia nyuma ya hii nyumba tangu mvua ilianza."

Kelele. Mzee Muhire alisema mambo ya zizi la mtu hayaingii mkutanoni. Mwingine akasema ndiyo yameingia, ng'ambo nzima wanayaimba. Papa alinyoosha mkono wakanyamaza.

"Honoré njo alivunja," alisema. "Alikula kwangu, akanipiga kisu kwenye karatasi. Mimi nilichukua tu kilicho changu."

"Hapana, Papa."

Sikujua ni nani aliyesema. Watu wote waligeuka kunitazama, ndipo nikajua.

"Papa Honoré alipiga kwetu. Yeye na Mama Bibiche. Walimtukana juu yetu, akakaza. Bibiche aliniambia."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na weye ulinyamaza."

"Ndiyo, Papa."

Nilifikiri atanipiga ao atafukuza watu. Alikaa. Kiti kilikuwa mbali kidogo kuliko alivyofikiri, akayumba, na mzee Muhire akamshika kiwiko. Papa yangu ni mtu mrefu. Leo nilimwona ana kichwa cheupe juu ya masikio, sijui kimeanza lini.

"Sikumuuliza," alisema. Si kwetu, ni kama alikuwa anamwambia tawi lililoanguka. "Nilisoma karatasi ya mlangoni. Yeye mwenyewe sikumuuliza."

Watu wakatoka mmoja mmoja.


Tarehe 15

Papa hajaniongelesha. Mama alinipa kipande kikubwa cha bugali.


Tarehe 20

Papa anakata majani ya Gaju yeye mwenyewe, anachagua yale laini. Anampaka siagi kwenye shingo. Tumbo limeshuka, hana siku nyingi.


Tarehe 22

Masomo yamefunguliwa. Mvua kubwa.


Tarehe 27

Tumemrudisha Gaju.

Papa alivaa koti la harusi na kofia ya kawaida, si ya chama. Alibeba fimbo yake, mimi nilishika kamba ya migomba. Mama alitusindikiza mpaka kwenye miti, akampapasa Gaju uso, akarudi haraka. Mto ulikuwa mkubwa lakini daraja lipo. Gaju alipoona mlima wake alianza kunivuta.

Papa Honoré alikuwa shambani anapalilia maharage. Alituona tangu mbali, hakuacha kulima. Watu walitoka nyumbani mwao wakasimama. Tukangoja kando ya shamba mpaka amalize mstari. Alimaliza, akapangusa jembe, akaja.

"Yambo, Semana."

"Yambo, Honoré." Papa alivua kofia. "Nilikukosea. Nilikuja na kamba bila kuja na swali. Nimeleta ng'ombe yako. Nakuomba musamaha mbele ya mutoto yangu na mbele ya batu."

Sijawahi kumsikia Papa akisema hivyo kwa mtu yeyote, hata kwa padri. Nilisikia mwanamke mmoja akisema "eee" polepole.

Papa Honoré alimshika Gaju chini ya taya. Gaju alimlamba mkono mpaka kwenye kiwiko, yeye akamwachia.

"Musamaha nakupa," alisema. "Nimezeeka, siwezi kubeba bintu bizito. Lakini ng'ombe yangu haukuleta."

"Ni hii."

"Hapana. Yangu ulisha kuichukua. Hii iko yako." Sauti yake ilikuwa ya upole, hiyo njo iliniumiza. "Unaona, Semana, ile ya kwanza ulinipa juu ya bibi yako na huyu mutoto. Nilikuwa nikiiona, nasema: kule yulu ku mulima yenu kuna muntu. Hata wakati wa vita, nilisema: kule yulu kuna muntu. Sasa nikiiona hii nitasema: inaweza kuondoka. Zawadi haiko vile."

"Basi nifanye nini?"

"Iache. Iko na mimba, njia ni mbaya, isipande tena. Nitakuchungia. Majani ni mingi. Lakini itakuwa ng'ombe ya Semana mu majani ya Honoré."

"Honoré, ndugu yangu..."

"Na chama yenu, batu yangu batakuja. Nilibaambia. Jembe iko ku bendera, haiwezi kukaa peke yake. Lakini habatakuja kukaa mbele yako weye kama prezida."

Papa alitikisa kichwa kukubali. Bibiche alikuja akapokea kamba mkononi mwangu. Aliiangalia jinsi ilivyosukwa, akaiangalia shingo ya Gaju.

Tulishuka mpaka mtoni. Kwenye daraja Papa alisimama. "Uwitonze."

"Ndiyo, Papa."

"Siku ingine usinyamaze mwezi mzima."

Ndiyo yote. Kisha akanishika bega mpaka tulipofika juu. Zizini nafasi ya Gaju ilikuwa bado na umbo lake kwenye majani.


Tarehe 5, mwezi wa tano

Mkutano mkubwa. Watu wa ng'ambo walikuja, wengi wakiwa na majembe kwa sababu walitoka shambani moja kwa moja. Jean-de-Dieu pia alikuja na matope yake. Papa alifungua kwa sala, akatoa muhuri wa chama katika mkebe wa maziwa ya unga, akauweka mezani mbele ya Mama Emérita. Alisema amechoka. Hakuna aliyeuliza amechoka na nini.

Mama Emérita ni prezida. Mtu wa ng'ambo ni naibu wake, si Papa Honoré, yeye hakuja. Jean-de-Dieu aliandika, akasema Goma watafurahi, cellule yetu ni mfano. Nilitafsiri kwa sauti, haikukwama.

Papa alikaa nyuma, kwenye gunia. Alipiga makofi wakati uliofaa.


Tarehe 19

Gaju amezaa. Tumejua hivi: asubuhi kuna mtu kwenye uzio, Bibiche, na bidon ya maziwa ya kwanza, mazito, ya njano.

Papa alitoka mbio, hata viatu hakuvaa. Nilijua anafikiri nini, kwa sababu na mimi nilifikiri vile: maziwa ya kwanza, desturi, tumesamehewa kabisa.

"Papa anasema ng'ombe yenu imezaa muzuri," alisema Bibiche, macho chini. "Hii ni maziwa yenu."

"Ya kwanza," alisema Papa.

"Yote, Papa Semana. Anasema iko yenu yote. Nitaleta kila siku."


Tarehe 20

Bibiche ameleta maziwa.


Tarehe 21

Ameleta. Bidon imejaa mpaka mdomoni. Kwao kuna mdogo wake ambaye bado ananyonya, na mama yake ni mwembamba. Mama alimwomba ashushe nusu. Alisema amekatazwa.

Maziwa hayakataliwi, wala hayamwagwi. Papa anayanywa amesimama uani, kikombe kimoja, polepole, kama dawa. Kisha anaosha bidon yeye mwenyewe, kazi ambayo kwetu mwanaume hafanyi, anaisugua na majani mpaka inang'aa, na kuirudisha kwa mikono miwili.


Tarehe 30

Ameleta. Mwanzo nilimkasirikia Papa Honoré, nikaona ana roho ngumu. Leo nilimwona Papa anaosha bidon, na sikumkasirikia mtu tena. Wote wawili wanafanya wanachoweza.


Tarehe 8, mwezi wa sita

Ndama ni jike. Mwenye ng'ombe njo hutoa jina. Jana Bibiche alisema, "Papa anauliza mutaiita nani."

Papa alishika uzio. "Mwambie aiite yeye. Namuomba."

Leo jibu limekuja: "Anasema si yake."


Tarehe 16

Mvua imekwisha. Njia imekauka, maharage ya ng'ambo yamevunwa. Juu ya nyumba ya Mama Emérita wamepandisha bendera mpya, kubwa kuliko ya zamani, kibuyu na jembe vinaonekana tangu mtoni. Wanasema Jumapili ijayo watakuja hata watu wa mbali, wa Kingi, kuona namna sisi tulivyofanya.

Asubuhi nilimngoja Bibiche kwenye uzio kabla Papa hajaamka. Nilipokea bidon. Hakuondoka upesi kama siku zingine. Alikaa juu ya jiwe, nami nikakaa kwenye lingine. Miguu yetu ilikuwa na vumbi, la kwanza tangu mwezi wa pili.

"Na ndama?" niliuliza. "Bado haina jina?"

"Bado."

"Basi ukitaka ikuje unafanya aje?"

Alifikiri, akikwangua vumbi na kidole. "Ninaiita tu: weye."

"Na inakuja?"

"Inakuja," alisema Bibiche. "Inazania ni jina yake."